Huko ni Saa Ngapi, Mhandisi?

"Ndiyo kwanza tumetua, mpenzi. Nimechoka hoi."

Binti wa tiketi aliusoma ujumbe wa mchumba wake, kisha akazitazama saa mbili za ukutani ofisini. Ya hapa ilisema saa tano kamili asubuhi. Ya mji alikokwenda Mhandisi ilisema saa sita.

Akaandika: "Pole, mume wangu mtarajiwa. Huko ni saa ngapi?"

"Saa tano kamili. Tumepaa saa mbili, masaa matatu mazima angani."

Miaka minne alikuwa akiwakatia watu tiketi za njia hiyo. Kilomita elfu moja na mia nne, masaa mawili tu. Tiketi huonyesha kuondoka saa mbili, kufika saa tano, kwa sababu kila mji huandikiwa saa zake, na kule wametangulia kwa saa moja. Mhandisi alisoma ratiba, akatoa mbili kwenye tano, hata kitandani hajatoka.

— Shoga, mbona umepauka? mwenzake wa meza ya pili akamuuliza.

— Mchumba wangu amefika asikokwenda.

— Hii safari ya ngapi?

— Ya sita.

— Basi zote sita amepanda godoro.

Simu ikalia tena. Alikuwa fundi anayemshonea gauni la harusi: "Dada, nimepata dharura, tulipime Jumatatu."

Kila Mhandisi akisafiri, fundi naye hupata dharura. Na harusi ilikuwa wiki tatu mbele.

Hakulia. Alimwandikia Mhandisi kwamba Jumapili saa kumi angempokea uwanjani, kisha akampigia mama mkwe.

— Mama, twende wote tukampokee mwanao.

Jumapili hakumpeleka mama kwenye mlango wa wanaowasili. Walisimama upande wa pili, magari yanakoshusha wanaosafiri. Saa kumi kasoro robo gari dogo likasimama. Usukani ulikuwa mikononi mwa fundi. Mhandisi akateremka na sanduku, akijifuta rangi ya mdomo shavuni.

Mama akamkazia macho.

— Mwanangu, ndege gani hii yenye namba za gari?

— Mama... nilipewa lifti tu.

— Kutoka mawinguni?

Binti wa tiketi akavua pete, akaitumbukiza katika mfuko wa shati la Mhandisi. Sauti yake ilikuwa ndogo kama kawaida yake, ila haikutetemeka.

— Fundi, gauni limalizie. Vipimo weka vyako.

Fundi akainamia usukani. Binti akatoa bahasha mkobani.

— Na wewe, tiketi yako hii. Ya kwenda tu, inapaa saa kumi na mbili.

— Mpenzi, nisikilize...

Mama akalichukua sanduku, akalisukumia mlangoni.

— Nenda. Kwangu usirudi mpaka umefika huko ulikokuwa ukituaga kwamba unakwenda.

Mhandisi akaipokea bahasha, kichwa chini.

— Ni masaa mawili, binti akamwambia. Ukitua, sogeza saa yako mbele. Halafu usiniandikie.