Pombe ya Mmadikeledi

Harufu ilimpata Tshediso saa tano asubuhi, mbele ya wageni kumi na wawili: moshi wa samadi kavu na blanketi la sufu lililonyeshewa. Ndani ya kiwanda kile cha bia hapakuwa na moto wala blanketi. Palikuwa na matangi ya chuma, sakafu iliyopigwa maji, na mlango wa kuingilia baa. Wageni walikuwa wamepanda kutoka Johannesburg kuburudika na hewa ya milimani, na kazi ya Tshediso ilikuwa kuwatembeza na kuwaonjesha.

Mama mmoja alikunja pua, akauliza kama kuna kitu kinaungua. Tshediso akacheka, akasema ni kimea. Alijua anadanganya. Harufu ile alikulia ndani yake.

Ilikuwa ya bibi yake. Nkgono Mmadikeledi, kama walivyomwita bibi kwa Kisotho, alipika pombe ya mtama nyuma ya nyumba yake ya bati, na kwa pombe hiyo aliwalea Tshediso na dada yake Puseletso walipofiwa na mama, akawasomesha wote wawili. Mwaka uliopita Riaan, mwenye kiwanda, alipotaka bia mpya, Tshediso alimpelekea pombe ya bibi yake, akasema ameibuni mwenyewe. Bia ikapendwa. Picha ya Tshediso ikatundikwa baani.

Nkgono alisikia. Siku moja ya baridi akashuka mjini, blanketi begani, akaungana na wageni kimyakimya. Alipoonja, akatabasamu.

"Umeiwahi, mwanangu," alisema. "Ingelala siku moja zaidi."

Watu wakageuka. Riaan akauliza, "Unamfahamu huyu mama?"

"Hapana," Tshediso akajibu. "Nadhani kapotea njia."

Akamshika kiwiko yeye mwenyewe, akamtoa mpaka barabarani. Nkgono alilifunga blanketi lake vizuri, akaondoka. Wiki mbili baadaye alifariki, na mazishini Tshediso alilia kuwashinda wote.

Baada ya harufu kukaja sauti. Ndani ya tangi la nne, lililojaa bia ya mtama, mtu alikohoa. Kikohozi kikavu, kifupi, cha mzee anayebisha hodi. Siku ya pili yake tangi likaanza kuimba chinichini, wimbo wa mwanamke anayekoroga chungu huku mawazo yake yako mbali, na wafanyakazi wakaacha kulisogelea, kila mmoja akidai ana shughuli upande wa pili. Siku ya tatu Tshediso alisimama mbele ya wageni kama kawaida, akainua glasi, akafungua kinywa aseme kwamba bia hii ni kazi ya mikono yake, na badala ya sauti yake ikatoka nyingine, nyembamba, ya kizee, iliyotulia, ikapanda kooni mwake kama maji yanayopanda kisimani, naye akaisikia kwa masikio yake mwenyewe, midomo ikimcheza bila ruhusa yake, ikiwauliza wageni wale:

"Huyu ni mtoto wa nani?"

Wageni walicheka. Kisha wakamtazama usoni, wakaacha.

Jioni hiyo alimsimulia Puseletso kila kitu, hata lile la kiwiko. Dada yake hakumgombeza. Alimtazama tu, na Tshediso akatamani angepigwa kofi. Asubuhi Puseletso akampeleka kwa mganga, Mme Nthati, aliyeitupa mifupa yake mara moja na kuikusanya upesi, kana kwamba nayo imeona haya.

"Ulimkana wapi?" aliuliza.

"Kiwandani. Mbele ya watu."

"Basi usiniletee mimi kuku. Kamkubali pale pale, mbele ya watu."

Jumamosi Tshediso alisimama kando ya tangi la nne. Akawaambia wageni kwamba bia hii ni ya Mmadikeledi, aliyemlea, na kwamba alipokuja kuionja alimfukuza kwa kumwonea haya. Akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji, akamwomba radhi kwa jina.

Tangi likanyamaza. Harufu ikaondoka, kama mtu aliyetoka na kurudisha mlango.

Halafu wageni wakapiga makofi. Mmoja alifuta machozi, akasema hajawahi kuona matembezi mazuri kama haya. Uso ulimwaka Tshediso. Riaan akamvuta pembeni.

"Bwana, hii ndiyo hadithi tuliyoikosa. Uwe unaisimulia kila siku."

Angeweza kukataa. Akakubali.

Jumapili alisimulia. Jumatatu akapiga magoti mahali pakavu, ili wanaopiga picha wamwone vizuri. Jumanne machozi yalikuja pale alipoyataka, na watu wakasimama kumpigia makofi. Jumatano alifika mahali pa kulitaja jina la bibi yake, na jina halikuwapo.

Alilitafuta. Wageni walingoja wakidhani ni uchungu. Alitoka mbio, akavuka mji mpaka nyumbani kwa Puseletso, akamkuta anaanika nguo.

"Dada, bibi yetu aliitwa nani?"

Puseletso akamwambia. Tshediso aliiona midomo yake ikifunguka na kufumbika. Akamwomba arudie. Puseletso akarudia, polepole, kama anavyofundishwa mtoto, na kamba ya nguo ikasikika ikilia kwa upepo, na mbwa wa jirani wakasikika, na jina halikusikika.

"Niandikie," alisema.

Akaandika. Tshediso alikishika kile kikaratasi kwa mikono miwili, akakielekeza kwenye jua, akakitazama mbele na nyuma.

"Mbona hujaandika kitu?" akanong'ona.