Kijipande cha Sabuni ya Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Mwanabaraka hufungua kopo dogo bafuni na kunusa. Ndani mna kijipande cha sabuni, chembamba kama ukucha. Hakiogei. Hukinusa tu, akakifunika, akavaa koti na kwenda kupanda basi Kilburn High Road, London. Kazi yake ni kuwatunza wazee majumbani mwao.

Sabuni ile ilipikwa na mama yake, Bi Raya wa Wete, Pemba. Bi Raya hakutumia maji kama watu wengine. Alitumia tui la nazi, akatia na karafuu kidogo. Kila msafiri wa London alibebeshwa vipande viwili vitatu, atake asitake.

"Mama, nambie inapikwaje," Mwanabaraka alikuwa akimwomba kwenye simu.

"Sabuni haifunzwi kwa simu," mama alijibu. "Njoo nikufunze."

Mwanabaraka hakwenda. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijatoka, na bila karatasi angetoka asirudi. Mama akafariki mwaka jana. Mwanabaraka alilia jikoni, peke yake, na wali ukaungua.

Kwao kijipande cha sabuni hakitupwi. Hulowekwa, kikabandikwa juu ya sabuni mpya. Siham, binti yake, alimwambia akibandike kwenye sabuni ya dukani. Alimwambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia lakini hakisemi.

"Kwenye sabuni ya dukani?" Mwanabaraka aling'aka. "Bora nikimeze!"

Lakini kijipande kilianza kupasuka, na harufu yake ilikuwa ikipungua. Mwanabaraka aliingiwa na hofu. Kikiisha hiki, mama ataondoka mara ya pili.

Jumamosi moja akaamua kupika mwenyewe. Alinunua mafuta na kostiki, yale magadi makali yanayogeuza mafuta kuwa sabuni. Tui alilitia katika sufuria yake ya alumini, ileile ya wali. Akalipasha moto huku akilikoroga lisikatike, kama kila mwanamke wa kwao anavyofanya. Kisha akamimina kostiki yote kwa mpigo.

Lo! Tui likachemka lenyewe, likageuka rangi ya chungwa, halafu hudhurungi. Sufuria nayo ikatoa mapovu na kuwa nyeusi. Harufu mbaya ikajaa nyumba nzima. Tone moja likamrukia kwenye kifundo cha mkono.

"Yallah! Naungua mie!"

Siham alifungua madirisha, akashuka ngazi mbio kumwita Bi Hansa wa chini. Bi Hansa ni Mhindi aliyezaliwa Kisumu. Hupika sabuni na kuziuza sokoni Jumapili. Alipofika aliuweka mkono wa Mwanabaraka chini ya bomba.

"Nitie siki?" Mwanabaraka aliuliza.

"La, mama. Usitie siki wala ndimu. Maji ya baridi tu, yapite dakika ishirini. Ingekuwa jichoni, tungesafisha kwa maji na kwenda hospitali mara moja."

Mkono ulipotulia, Bi Hansa aliitazama sufuria, akatikisa kichwa.

"Ulifikiri unapika mchuzi?"

"Tui si hupashwa moto, Bi Hansa?"

"Kwa samaki, ndiyo. Kwa sabuni, hapana. Tui lina sukari, na kostiki inatoa joto jingi. Sukari inaungua. Na alumini inaliwa na kostiki. Hii sufuria usiipikie chakula tena."

"Basi tui haliwezekani?" Mwanabaraka aliuliza. "Ni sabuni ya mama yangu. Kilichobaki ni kijipande kimoja tu."

Alimletea lile kopo. Bi Hansa alinusa, akalifunika kopo.

"Linawezekana sana," alisema kwa upole. "Mimi nimejaribu chai, nimejaribu maji ya tango, hata juisi ya bitiruti. Hiyo ilitoka rangi ya matope, mume wangu ananicheka mpaka leo. Kila kiowevu kina tabia yake. Tui linataka baridi. Ligandishe kwenye friza. Nitakuja."

Jumamosi iliyofuata walivaa glavu, miwani ya kukinga macho na nguo za mikono mirefu. Dirisha lilikuwa wazi. Bi Hansa alileta mizani na bakuli la chuma cha pua.

"Tunapima kwa gramu, hatukadirii kwa kikombe. Kostiki iwe tupu, si dawa ya kuzibulia mabomba iliyochanganywa. Na kumbuka: kostiki ndiyo inayotiwa kwenye tui. Usimimine tui juu ya kostiki, itakurukia."

Mwanabaraka alitia kostiki kidogo kidogo juu ya vipande vya tui vilivyoganda, huku bakuli limekaa ndani ya beseni la maji ya baridi. Tui liliyeyuka taratibu, likabaki jeupe. Akalitia kwenye mafuta, akakoroga mpaka likawa zito kama uji. Alipochukua karafuu ya unga, Bi Hansa alimshika mkono.

"Kidogo tu. Ikizidi inawasha ngozi."

Walimimina kwenye kibweta, wakakiweka ndani ya friji. Kesho yake walikata vipande, wakavipanga kwenye rafu vikauke.

"Wiki sita usiguse," alisema Bi Hansa.

Zilikuwa wiki ndefu. Siku ilipofika, Mwanabaraka alichukua kipande, akakinusa. Hakikunukia kama cha mama. Kilikaribia tu, basi. Hamkuwa na moshi wa jiko la mama mle, wala kanga zake.

Akafungua bomba, akanawa. Povu likatoka zito, laini, na lenye utelezi uleule. Alifumba macho. Mikono ya mama ilikuwa hivi.

Akakitoa kijipande kwenye kopo, akakilowesha, akakibandika juu ya sabuni mpya. Alikikandamiza kwa kidole gumba mpaka kikashika. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Siham alikuwa amesimama mlangoni, anatazama.

"Mama," alisema, kwa Kiswahili cha kubabaisha. "Hii... inapikwaje?"

"Sabuni haifunzwi mlangoni," alisema Mwanabaraka. "Njoo nikufunze."

Siham akaja.