Mgongo wa Koti

Kila siku akitoka shule, Gundi alikuwa na kazi tatu kabla ya kugusa chakula: kuvua sare, kumwamkia kila mtu aliyekuwa sebuleni, na kwenda uani kuangalia kama karatasi zake zimekauka. Ile ya pili ndiyo iliyokuwa ndefu. Mama yake alikuwa msusi, na sebule yao ndiyo iliyokuwa saluni. Siku ya kawaida ungekuta wanawake watano au sita wamebanana pale, mmoja nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima kama imeshtuka, na wote wanaongea kwa mpigo. Ukipita bila kusalimia, utasemwa mpaka jioni.

"Shikamooni nyote!" Gundi alisema mara moja, ili kufupisha safari.

"Marahaba, Gundi. Vidole leo vina rangi gani?"

"Kahawia, mama mdogo. Ni majani ya chai."

Shuleni alikuwa na jina lake kamili, lakini mtaani hakuna aliyelikumbuka. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu ajifunze kutengeneza madaftari ya sanaa, gundi haikuwahi kumtoka vidoleni. Aliokota karatasi zilizokwisha kutumika, akazichana, akaziloweka usiku kucha kwenye ndoo na kuzitwanga kwenye kinu mpaka zikawa uji. Uji ule aliumwaga juu ya wavu wa dirisha uliopigiliwa kwenye fremu, akaukamua maji, akauanika. Kesho yake ulikuwa karatasi mpya, nene, yenye mikwaruzo mizuri. Nyingine alizipaka rangi kwa maji ya majani ya chai au ya maganda ya vitunguu. Kisha alizikunja, akazishona kwa sindano na uzi, akazivisha jalada gumu. Ndani watu walichora, walibandika picha, waliandika siri zao. Darasa zima lilikuwa linayagombea, naye hakuuza hata moja. Alipenda kuona uso wa mtu anapofungua ukurasa wa kwanza.

Majalada yalitoka kwa Fundi. Huyu alikuwa mshonaji mzee aliyepanga chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, kando ya saluni, na watoto wote walimwita Babu Fundi. Chini ya meza yake ya kukatia kulikuwa na gunia la vipande vya karatasi ya kaki.

"Vya kwenye gunia ni vyako, mjukuu," alimwambia siku ya kwanza. "Vya ukutani ni vyangu."

Ukutani, kwenye msumari, alitundika violezo, yaani zile karatasi ambazo fundi huzilaza juu ya kitambaa ili ajue akate wapi. Nazo zilikuwa za kaki vilevile.

Jumapili iliyopita gunia lilikuwa tupu. Fundi alikuwa ametoka, na mlango ulikuwa wazi kama kawaida. Gundi alikuwa ameahidi madaftari tisa, na hakubakiwa na jalada hata moja. Aliinua macho akaona furushi la kaki limetundikwa, limejaa vumbi, lina namba na mishale ya penseli iliyopendeza kama mchoro. "Haya ya zamani," alijiambia. "Yangekuwa na kazi yangekuwa na vumbi?" Moyoni kuna kitu kilimgusa kidogo, kama mtu anayekuvuta shati kwa nyuma. Hakugeuka.

Vipande vingi alivikata majalada. Kimoja kilikuwa kikubwa, kina mpindo wa ajabu upande mmoja. Akakilaza juu ya karatasi nyeupe ndefu, akachovya mswaki mkuukuu kwenye rangi ya buluu na kuukwaruza kwa kidole. Rangi iliruka matone madogo madogo kama mvua. Alipokinyanyua, umbo lake lilibaki jeupe katikati ya buluu, kama wingu. Karatasi ile ndefu aliikunja mbele na nyuma, mbele na nyuma, ikawa kitabu cha kukunjua. Kile kipande cha kaki kilikuwa kimelowa rangi na kuchanika. Akakitia kinuni pamoja na karatasi nyingine.

Jumatano, alipotoka shule, alimkuta Fundi amesimama katikati ya chumba chake. Chumba kizima kilikuwa sakafuni: vitambaa, vifungo, rola za nyuzi.

"Mjukuu, hujaona violezo vya koti la tarishi?"

Tarishi yule alikuwa amestaafu. Mfuko wa barua aliobeba miaka mingi ulimpinda mgongo, bega moja likawa juu na jingine chini. Makoti ya dukani yalimkaa kama yameazimwa. Fundi alimjaribishia mara nne, siku nne tofauti, mpaka akapata kiolezo kilichomjua. Jumamosi binti yake wa pekee alikuwa anaolewa, na tarishi angefika kwa basi la asubuhi, avae, aende moja kwa moja.

"Si umpigie simu akupe vipimo?" Gundi aliuliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Mgongo ule haupimwi kwa simu." Fundi alijipigapiga paji la uso. "Nilivitundika hapa. Au nilidhani nilivitundika."

Gundi akaenda uani kutazama karatasi ambazo alijua kabisa kuwa zimekauka.

Alhamisi habari ilikuwa imefika saluni, tena imenenepa njiani.

"Nasikia Fundi kapoteza koti zima."

"Si koti, ni karatasi za koti."

"Yaleyale. Leo karatasi, kesho gauni lako."

"Juzi alikuwa anatafuta miwani, kumbe ipo usoni."

"Hilo hata mimi hunitokea."

"Wewe huvai miwani, shoga!"

Walicheka. Kisha mmoja, ambaye kichwa chake kilikuwa mikononi mwa mama, alisema taratibu, "Mimi namwonea huruma. Lakini kitambaa changu nakichukua leo. Siwezi kumpa mtu anayesahau."

"Na mimi," mwingine akasema.

Gundi alikuwa mlangoni na sahani ya chakula. Kiu na njaa vilimtoka. Mpaka jioni wanawake watatu walipita chumba cha mbele wakatoka na vitambaa vyao chini ya kwapa, wakitabasamu kwa adabu. Fundi aliwasindikiza mlangoni mmoja mmoja, wala hakubishana na yeyote.

Baada ya yule wa tatu, alimwita Gundi. Alikuwa ameketi mbele ya cherehani bila kushona. Mkononi alishika kipande cha boksi alichokiandika kwa herufi kubwa: *Mkasi, mezani. Miwani, usoni. Ufunguo, mfuko wa kulia.*

"Nina ombi, mjukuu. Nishonee na mimi daftari. Dogo tu, la kutia mfukoni. Niwe naandika kila kitu ninapokiweka." Alijaribu kucheka. "Naona kichwa kinaanza kunitoroka. Baada ya harusi hii nadhani nitafunga cherehani."

Gundi alitazama kile kipande cha boksi. Neno *usoni* lilimwingia kama sindano. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Babu, hukusahau. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilivichukua. Jumapili. Gunia lilikuwa tupu, nikachukua vya msumarini. Nilijua si vya gunia. Nimevikata majalada."

Fundi alikiweka kile kipande cha boksi juu ya cherehani. Akauliza, polepole, "Kwa hiyo vilikuwa msumarini?"

"Ndiyo, Babu."

"Pale pale nilipokumbuka?"

"Pale pale."

Mzee aliegemea kiti, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la chumvi. "Alhamdulillahi. Kichwa changu ni kizima." Kisha akamkazia macho. "Usidhani nimefurahi. Nina hasira na wewe, tena nyingi. Nitazifikia baadaye. Kwanza koti. Hayo majalada yako wapi?"

"Nimegawa. Tisa yote."

"Basi kayafuate."

Kazi ilikuwa hapo. Madaftari yalikuwa kwa watoto tisa katika mitaa mitatu, na giza lilikuwa karibu. Mtu pekee aliyejua nyumba zote hizo alikuwa rafiki yake mkubwa, Redio. Jina lile hakupewa bure. Ukimwambia Redio jambo saa kumi, saa kumi na moja unasimuliwa wewe mwenyewe. Gundi alijua kwamba akimweleza huyu, mtaa mzima utajua aliyeiba violezo ni nani.

Alimweleza.

Redio alitoa macho. "Haki ya nani? Wewe?"

"Mimi."

"Na wanasema Babu Fundi amezeeka akili!" Redio alikwisha kuanza kufunga kamba za viatu. "Wewe nenda kushoto, mimi kulia."

Chini ya saa moja, sauti ya Redio ilikuwa imefika kila dirisha: "Leteni madaftari ya Gundi! Majalada ni koti la watu! Babu Fundi hakusahau kitu, kachukua Gundi!" Watoto walikuja mbio, wengine wakinung'unika, mmoja akilia kwa sababu daftari lake lilikuwa na picha ya paka wake. Mama aliisikia habari akiwa na kitana mkononi. Alimtazama binti yake, akasema maneno manne tu: "Ingia. Waambie mwenyewe sebuleni."

Ilikuwa hatua kumi na mbili kutoka mlangoni mpaka katikati ya saluni. Gundi alizihesabu.

"Babu Fundi hakupoteza chochote," alisema, macho yakiwa sakafuni. "Nilichukua mimi bila kuuliza, nikanyamaza mlipokuwa mnamsema."

Yule aliyekuwa wa kwanza kuchukua kitambaa chake alijikuna shingo. "Jamani," alisema, "nasi midomo yetu ilitangulia." Akashuka kitini, nywele nusu, akasogeza viti ukutani. "Haya, leteni hizo karatasi. Sakafu hii inatosha."

Basi koti la tarishi likaunganishwa kwenye sakafu ya saluni. Majalada yalibanduliwa moja moja kwa mvuke wa birika. Gundi alileta kopo alimohifadhi mabaki ya kukatia, maana hakuwa mtu wa kutupa hata ukanda mdogo, na pembe zilizokosekana zikapatikana humo. Namba za penseli zikakutana na namba, mishale na mishale. Mkono wa kushoto, mkono wa kulia, kola, vipande vya mbele. Wanawake walibishana, wakasukumana, wakapiga vigelegele kila kipande kilipokaa.

"Na mgongo?" Fundi aliuliza.

Gundi alijua ni kipi. Kile kikubwa chenye mpindo. "Nilikitwanga," alisema.

Fundi alikaa chini. "Mgongo ndio koti lenyewe. Huo mstari ndio niliouhangaikia siku nne."

Gundi alifumba macho, akijaribu kukumbuka kila alichokifanya Jumapili ile: kaki, mswaki, rangi ya buluu. Akayafumbua. "Redio! Kile kitabu cha kukunjua nilichokupa!"

Redio alirudi nyuma hatua moja. "Kile hakina kaki. Tena ndicho kizuri kuliko vyote."

"Wingu lile jeupe. Si wingu. Ni mgongo wa tarishi."

Redio alitoka mbio. Aliporudi, alikishika kitabu kifuani kwa mikono miwili. "Mtakikata?"

"Hakikatwi," Fundi alisema. "Tutapitisha penseli tu pembeni mwake."

Wakakikunjua sakafuni, mkunjo baada ya mkunjo, na pale katikati ya matone ya buluu ukalala mgongo mzima, na bega lake la juu na bega lake la chini. Fundi alivaa miwani yake, ambayo kwa kweli ilikuwa usoni, akapiga magoti. Alitandaza kaki mpya pembeni, akahamisha ule mstari kwa penseli na rula, taratibu sana.

"Ndiyo wenyewe," alisema.

Ijumaa cherehani ililia kutwa. Jumamosi asubuhi tarishi alishuka kwenye basi, akaingia chumba cha mbele, akavaa. Koti lilimkaa. Halikumnyoosha, lakini lilimkubali alivyo. Alijigeuza mbele ya kioo mara tatu, akapangusa jicho akidai ni vumbi, akatoka kwenda kumwoza binti yake.

Fundi alifunga mlango, akamgeukia Gundi. "Sasa nimezifikia zile hasira."

Gundi alisimama wima.

"Wiki nzima, ukitoka shule, utaniokotea pini sakafuni. Na yale madaftari tisa utayavisha upya, kwa vipande vya vitambaa nitakavyokupa." Akavuta kiti, akaketi. "Sikiliza, mjukuu. Karatasi tungeweza kuchora upya hata kwa taabu. Kilichokuwa kinaniua ni zile siku mbili ulizonyamaza, maana nilianza kutojiamini mwenyewe. Ukichukua kitu cha mtu, unaweza kumchukulia na vingine usivyoviona. Kwa hiyo uliza kwanza. Na ukikosea, sema siku ile ile. Ulichelewa, lakini ulisema, tena mbele ya watu. Ndiyo maana leo tarishi amevaa."

"Nimekuelewa, Babu. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Okota pini."

Wale wanawake watatu walirudisha vitambaa vyao Jumatatu, kila mmoja akidai alikwenda kuvifua tu. Madaftari tisa yalipata majalada ya maua, ya mistari na ya madoadoa, na yule mwenye paka akapata la manyoya ya bandia, akaringa wiki nzima. La kumi lilikuwa dogo, la kutia mfukoni, karatasi zake za rangi ya chai, jalada lake la kitambaa kilichobaki kwenye koti la tarishi. Gundi alimkabidhi Fundi kwa mikono miwili.

"Lakini sina ninachosahau," Fundi alisema akilipapasa.

"Najua, Babu. Basi chora."

Mzee alifungua ukurasa wa kwanza, akalamba ncha ya penseli. Alichora msumari ukutani, na furushi limening'inia bila kuguswa. Chini yake alichora gunia, na msichana ameinama, mkono ndani ya gunia. Kisha akalinyanyua ili Redio, aliyekuwa anachungulia dirishani, aone vizuri na akatangaze.