Fungate ya Siku Tano

Jumatano, siku ya tano ya fungate yao, Gualdino alikata roho juu ya machela ya miti, kabla wabebaji hawajafika barabarani. Mkewe Zulmira alikuwa anatembea kando yake, amemshika kidole gumba cha mguu, kwa kuwa mikono ilikuwa imefungwa kifuani isining'inie. Kila baada ya hatua kadhaa alikibonyeza kile kidole, nacho kilimjibu kwa kukunjika kidogo. Kisha kikaacha. Zulmira aliwaacha wanaume wale wanne waamini wanambeba mtu aliye hai kwa hatua nyingine mia.

Walikuwa wamejuana kwa miaka miwili. Walikutana sokoni, mjini São Tomé, saa nne asubuhi, mahali ambapo ukisimama unakanyagwa. Zulmira alikuwa amefungua robota jipya la mitumba, wanawake wanavutana nguo, mmoja anampiga mwenzake kiwiko. Gualdino, dereva wa pikipiki ya abiria, akapenya katikati yao, shati lake limechanika begani.

"Una shati la mtu mrefu?"

"Ninalo la mtu mwenye adabu. Mwenye adabu husalimu kwanza."

Akasalimu. Akajaribu mashati sita, akachagua la zambarau lililomwishia chini kidogo ya viwiko, na Zulmira akamwambia waziwazi kwamba anafanana na padri aliyefukuzwa. Akalinunua. Kesho yake akarudi kulibadilisha, akidai abiria wamemcheka. Kesho kutwa akarudi tena. Wiki ya tatu hakuwa na shati la kubadilisha, akasimama tu mbele ya meza, helmeti mkononi, mpaka Zulmira akamwambia kama anataka kuwa sanamu basi ashike nguo zionekane. Akazishika mpaka jioni.

Wenzao wengi waliopendana namna hiyo walihamisha sanduku moja, wakaanza kuishi pamoja. San Albertina, yaani Bibi Albertina, mama yake Gualdino, alikataa. Alisema mwanawe wa pekee hataingia nyumba ya watu kama paka. Kwa hiyo wakafunga ndoa kanisani, siku ya Jumamosi. Zulmira alivaa gauni aliloshona kutokana na magauni mawili ya robota, mikono ya moja na sketi ya lingine, na hakuna aliyegundua.

Fungate ilikuwa wazo la Gualdino. Miaka yote alikuwa akiwabeba wageni wanaovuka bahari kuja kutazama maporomoko na kasa. Wanamwuliza huko kukoje, naye anababaisha. Akasema ni aibu mtu kukijua kisiwa chake kwa kusimuliwa. Wakapanda pikipiki, wakaenda kusini mpaka lami ilipowaishia, wakapanga chumba cha mbao karibu na Porto Alegre.

Zulmira aliogopa kila kitu na kukipenda kila kitu. Walipiga kasia kwenye mikoko ya Malanza, kima wakiwarushia maganda. Walimwona kasa alfajiri akichimba mchanga kwa mapigo mazito kama mtu anayepiga ngumi mlangoni. Waliogelea kwenye ufukwe wa Inhame, na wimbi likamnyanyua Gualdino, likambamiza kwenye mwamba. Akatoka na goti lililochubuka hadi nyama nyeupe, anacheka, anamwambia mkewe kwamba bahari imemwonea wivu. Zulmira alimfunga goti kwa kitambaa chake cha kichwa cha manjano, akamwita mjinga, akambusu palepale penye chumvi na damu.

Ila kulikuwa na simu. Tangu Jumapili ilikuwa ikilia, na kila ilipolia Gualdino aliinuka, akaenda kuipokelea mbali, mgongo ameugeuza. Alirudi akiwa mpole kupita kiasi. Jumanne jioni alipokuwa anaoga, kioo cha simu kikawaka juu ya kitanda, Zulmira akasoma. Jina lilikuwa Ivânia. *Nafasi yako bado ipo. Niambie unakuja lini.*

Aliirudisha simu ilipokuwa, akala chakula cha jioni, akacheka alipotakiwa kucheka.

Asubuhi iliyofuata walikwenda na Sun Plácido, yaani Bwana Plácido, mwindaji wa pale kijijini anayewapeleka watu msituni, kutafuta maporomoko yaliyo ndani kabisa. Kwenye ukingo wa msitu Sun Plácido alimimina mvinyo wa mnazi kidogo juu ya mzizi, akawapa sheria ambayo humpa kila anayeingia.

"Humu ndani ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike mpaka akuite mara tatu. Binadamu huita mara tatu. Kile kingine huita mara mbili, kikachoka."

Gualdino akasema mama yake huita mara moja tu, ya pili huja na mwiko. Sun Plácido alicheka, kisha akairudia sheria yake neno kwa neno.

Walikuwa wamepanda saa nzima waliposikia mlio wa bunduki, halafu mbwa. Wawindaji walikuwa wamemjeruhi nguruwe mwitu upande wa bondeni. Sun Plácido akawaambia wakae juu ya jiwe, wasiiache njia hata hatua moja, yeye aende kuwajulisha wenzake kwamba kuna watu huku. Akapotea kwenye majani.

Ndipo Zulmira akauliza.

"Ivânia ni nani?"

"Ni habari ndefu, mke wangu. Nitakwambia tukifika kwenye maji."

"Kwa hiyo yupo."

"Yupo, ila si unavyodhani."

"Nipe simu nimpigie mimi."

Badala ya kumpa, aliitia simu mfukoni, akafunga kifungo. Zulmira aliweza kuvumilia mengine yote. Kifungo kile hakukiweza. Alimpiga kibao, cha kwanza katika maisha yao, akaiacha njia. Akaenda hatua kama thelathini, akaketi nyuma ya mti mkubwa ambao mizizi yake ilisimama kama kuta, akauma mkono wa blauzi yake asilie kwa sauti.

"Zulmira!"

Aliisikia vizuri sauti ya mumewe. Mbwa nao walikuwa wamekaribia.

"Zulmira, rudi njiani!"

Akakaza meno. Na atafute, alijisemea. Na atafute kidogo ajue. Akasikia buti za mumewe zikiiacha njia, zikivunja vijiti, zikija.

Vichaka vikapasuka. Nguruwe dume alitoka na mbwa mmoja amening'inia sikioni, bega lake limechanwa na risasi, povu jekundu mdomoni. Hakuwa na pa kwenda ila alipokuwa Gualdino. Jino lake lilimwingia pajani, likamnyanyua, likamtupa, kisha akageuka na kumrudia. Mbwa wa pili alipasuliwa tumbo akiwa hewani. Gualdino alimshika mnyama yule masikio yote mawili, akawa anamsukuma kwa mikono miwili kama mtu anayesukuma pikipiki kwenye matope. Zulmira alimpiga nguruwe kwa gongo mpaka likavunjika, akaokota jiwe akampiga machoni, akampiga, akampiga, mpaka Sun Plácido akafika na panga. Mapigo matatu ya panga. Damu ilikuwa juu ya majani, juu ya mbwa, juu ya shati, na haikujulikana ipi ni ya nani.

Walimkaza paja kwa mkanda wake mwenyewe. Wawindaji wakakata miti miwili, wakafunga machela kwa mashati yao.

Njiani Gualdino alifumbua macho. "Hukunisikia?"

Sun Plácido akawahi kujibu, sauti yake ikiwa na huruma. "Nilikusikia ukiita mara mbili tu, ndugu yangu. Mkeo ameshika sheria."

"Nilikusikia," Zulmira akasema. "Nilikuwa na hasira."

Midomo ya Gualdino ilikuwa ya kijivu, lakini ilijaribu kutabasamu. "Najua. Hasira yako nilikuwa naisikia hadi kwenye jiwe."

Akamweleza kwa vipande vipande. Ivânia alikuwa karani wa watu wanaotafuta wajenzi wa kupeleka Ureno. Gualdino alikuwa ameomba kazi ya ujenzi kwake kabla ya kununua lile shati la zambarau. Viza ilitoka wiki ya harusi.

"Nilimwambia siendi. Anapiga kila siku anibadilishe nia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa ungesema nenda."

"Ningesema nenda."

"Umeona sasa," akasema, akafumba macho kama mtu aliyeshinda hoja.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Baada ya hapo kilibaki kidole.

Msibani Sun Plácido alikuja mjini kwa heshima yote, na ingawa naye alikuwa amesikia maneno ya machelani, akamweleza San Albertina kwamba mkwewe alishika sheria ya msitu, hana kosa. San Albertina aliyapokea maneno hayo kama mtu anayepewa maji. Alimsimulia kila aliyekuja kuhani, huku ameushika mkono wa Zulmira: huyu binti alifanya alivyoagizwa, ni Mungu tu aliyetaka. Baada ya misa ya siku ya saba aliwasimulia watu waliosimama mlangoni mwa kanisa. Alimlisha Zulmira kwa mkono wake, akamwita binti yangu. Wale wabebaji waliosikia ukweli walikuwa mbali kusini, na hawakuwa watu wa maneno.

Zulmira alivumilia kupendwa vile kwa mwezi mzima. Baada ya misa ya siku ya thelathini alimfuata mama mkwe uani, akamkuta akipara samaki.

"Mama, sikuitika kwa sababu ya hasira. Ile sheria sikuikumbuka hata kidogo."

Kisu kiliendelea. Magamba yaliruka, mengine yakamnata San Albertina kwenye gauni jeusi.

"Alikuita mara ngapi?"

"Mbili."

"Ya tatu ungeitika?"

Zulmira alifikiri, kwani alikuwa amechoka kusaidiwa na uongo.

"Sijui, mama."

San Albertina aliosha kisu, akaosha mikono, akamwambia aende nyumbani kwake. Hakupaza sauti.

Huu ni mwezi wa nane tangu siku ile, na San Albertina hajasema naye tena. Kila Ijumaa akitoka sokoni Zulmira hupika samaki na ndizi, hufunika sahani, huiweka kwenye ngazi ya nyumba ile kwa kuwa mlango haufunguliwi. Kila Ijumaa huikuta pale sahani ya wiki iliyopita, imeoshwa.