Linatumiwa na Bi Taratibu

Haya yalimpata dada yangu, mtoto wa kwanza wa mama yetu, na ukimuuliza leo atakwambia hayakuwa makubwa. Usimsikilize. Nilikuwepo.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida katika duka la kuchapa na kutoa kopi anakofanya kazi. Mtoa kopi anapanga karatasi, mteja anataka picha za pasipoti, mimi nimekuja kumletea dada chaja. Tasnifu yake ilikuwa imekamilika, kazi ya mwaka mzima aliyoiandika palepale dukani wateja wakipungua. Chuo kilitaka nakala iliyochapwa kabla ofisi haijafungwa alasiri. Asiyewasilisha anarudia mwaka, na mama alikuwa ameshauza cherehani yake ili kumfikisha dada pale. Hakikubaki kitu kingine cha kuuza.

Dada akabofya faili. Halikufunguka. Kwenye kioo kukatokea maneno: "Faili limefungwa. Linatumiwa na Bi Taratibu."

Bi Taratibu alikuwa mchapaji wa kwanza wa duka lile, akiitwa hivyo kwa sababu alichapa kwa vidole viwili. Alifariki kabla dada hajaajiriwa. Wateja wasipokuwepo, alikuwa akiandika jambo lake mwenyewe, na hakuna aliyejua ni jambo gani. Alipozikwa, bosi aliona pambizo za hati yake hiyo zimekaa sawa, akaifanya mfano. Kila mchapaji mpya alifundishwa hivyohivyo: fungua hati ya marehemu, futa yote, andika yako, hifadhi kwa jina jipya. Barua za kazi, kadi za harusi, tasnifu ya dada, vyote vilizaliwa humo. Kuisoma kabla ya kuifuta? Nani ana muda huo.

Fundi wa kompyuta aliitwa, akacheka.

"Kitu kidogo hiki. Hati ikifunguliwa, kompyuta huweka kifaili kilichofichwa, ndiyo kufuli yake. Umeme ukikatika kinabaki. Tunakifuta tu."

Akakifuta. Kikarudi. Akakifuta tena. Akatengeneza nakala, akaipa jina jingine. Maneno yaleyale. Akaitia kwenye flashi, akaenda kujaribu duka la jirani, ambako Bi Taratibu hakuwahi kukanyaga. Alirudi amenywea.

"Kuna mtu kaifungua kwingine," akanong'ona.

"Wapi?"

Fundi alikunja nyaya zake akaondoka, na kofia yake ikabaki juu ya meza.

Dada akavuta kiti.

"Shikamoo, Bi Taratibu," akasema, sauti kavu. "Mimi sikukuua. Na hapa sitoki bila kazi yangu."

Nilimshika mkono. "Dada, twende nyumbani."

"Nenda wewe."

Akafungua ukurasa mtupu kabisa, jambo ambalo halikuwahi kufanyika duka lile. Akaiagiza kompyuta iingize humo maandishi ya lile faili, bila kulifungua. Kurasa zikamiminika. Nikashusha pumzi.

Kisha herufi ya mwisho kabisa ikafutika. Ikafuata nyingine.

Mikono ya dada ilikuwa hewani. Kitufe cha kufutia kilishuka chenyewe. Kikapanda. Tak. Kimya. Tak. Mwendo wa vidole viwili.

Aya nzima ilikuwa imekwenda.

Dada akacheka. Wallahi alicheka.

"Wewe ni wa taratibu," akasema. "Mimi siyo."

Akazirudisha sentensi zilizofutwa, alizijua kwa ghibu, vidole vikikimbia mbele ya kile kitufe. Kisha akaiamuru printa ianze na ukurasa wa mwisho, irudi nyuma. Tak. Karatasi. Tak. Karatasi. Bi Taratibu alikuwa akifuta ambayo yameshachapwa. Ukurasa wa kwanza ulipotoka, kitufe kikatulia.

Mtoa kopi, ambaye muda wote alikuwa amejificha nyuma ya mashine yake, ndiye aliyekusanya karatasi ili atoe kopi na kujalidi vitabu viwili, cha chuo na cha dada. Chini kabisa ya ukurasa wa mwisho aliona sentensi ambayo dada hakuiandika.

"Nilikuwa sijamaliza."

Dada aliisoma mara mbili.

"Niiondoe?" mtoa kopi akauliza.

"Unapotoa kopi ya chuo ifunike. Hii yangu iache. Na nyuma niwekee karatasi tupu."

"Ngapi?"

"Za kumtosha."

Chuo walipokea kabla mlango haujafungwa, na dada amehitimu. Kila hati sasa anaianza kwenye ukurasa mtupu, bosi apende asipende. Nakala yake inakaa juu ya kabati, nyumbani kwa mama. Juzi nilikuwa nafuta vumbi, nikaifunua kwa nyuma. Karatasi tupu ya kwanza haikuwa tupu tena.

Nilimwita dada. Hakutoka hata jikoni.

"Kafika wapi?"

"Katikati ya ukurasa."

"Mwache aandike. Ila kule mbele asiguse."

Kaandika nini, sijui. Sikusoma, mimi si dada yangu. Nilikifunga kitabu haraka, na wino ukanibaki kidoleni.