Mlenda Juu ya Sola

Antipasi anaishi chini ya mlima wa Kilimatinde. Kazi yake ni kupandisha watu na mizigo. Wapo wagonjwa wanaokwenda hospitali huko juu. Wapo kina mama wenye kuku na mtama. Zamani alitumia pikipiki ya petroli. Huku petroli inauzwa kwenye chupa. Siku chupa zikiisha, mgonjwa anapanda mlima kwa miguu yake mwenyewe, au anabebwa.

Mwaka huu halmashauri ilileta bajaji ya umeme. Mpango ni wa mkoa mzima: usafiri usio na moshi, unaotumia umeme wa jua. Kijiji kilimkabidhi Antipasi. Akaiuza pikipiki yake. Alipewa betri mbili na paneli za sola. Betri moja inatembea na bajaji, nyingine inabaki nyumbani inachajiwa. Paneli zilifungwa uani kwake, juu ya fremu fupi ya chuma.

Sara, ofisa wa halmashauri, alisema wazi siku ile.

"Hii ni ya majaribio. Nitarudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ikishindwa kupanda mlima na mzigo, tunaihamishia Itigi. Kule wanaiomba."

Mwanzoni bajaji ilipanda vizuri. Kisha mboga ya mlenda ikakomaa mashambani, na bajaji ikaanza kuchoka. Siku moja ilizima katikati ya mlima, ndani kuna mama mjamzito. Watu wakasukuma. Gervas, dereva wa bodaboda, akapita polepole.

"Antipasi, mnyweshe maji huyo punda wako," alisema. "Au anataka pumba?"

Jioni Antipasi hakula vizuri.

"Wataichukua," alimwambia mkewe, Flora. "Na pikipiki nimeshauza. Tutaishije?"

"Kwani ukinuna ndiyo itapanda? Mpigie fundi."

Kesho yake, jua la saa sita, alifika Severina, fundi wa sola kutoka Manyoni. Antipasi akampeleka uani. Wakamkuta Bibi Emiliana, mama yake Antipasi, anageuza majani ya mlenda. Ameyaanika juu ya paneli. Antipasi hutoka alfajiri na kurudi jioni. Hakuwahi kuyaona.

"Shikamoo, mama," alisema Severina.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mama, mbona mlenda uko hapa?"

"Hapa ni pasafi, tena pana joto. Chini kuku wanachakura. Sola inapata joto lake, mlenda wangu unakauka. Tunagawana jua."

Antipasi akashika kichwa. "Mama, kumbe ni wewe."

"Mimi nimefanya nini? Huo mlenda anakula nani?"

Flora akageukia ukutani akacheka.

"Msigombane," alisema Severina. "Wengi wanadhani sola inakula joto. Haili joto, inakula mwanga. Penye kivuli hakuna umeme. Na hizi zimeungwa pamoja. Ukifunika kipande kidogo, nyingine nazo zinapungua nguvu."

Bibi akaanza kuzoa majani yake. "Kama ng'ombe wa kulima. Mmoja akilala, plau imesimama."

"Hivyo hivyo, mama."

"Na vumbi je?" aliuliza Flora.

"Vumbi nalo ni kivuli. Futeni asubuhi, kioo kikiwa bado cha baridi. Kitambaa laini na maji, basi. Msisugue kwa mchanga."

Siku hiyo hiyo Antipasi alikata miti, akamjengea mama yake uchanja wa kuanikia mlenda upande mwingine wa ua. Kesho yake asubuhi Flora akafuta paneli. Jioni betri ilikuwa imejaa.

Jumamosi Sara alifika. Watu walijaa barabarani. Yakapakiwa magunia ya mtama. Sara akapanda. Bibi Emiliana naye akapanda bila kuulizwa.

"Mama, wewe unakwenda wapi?" aliuliza Antipasi.

"Juu. Endesha."

Bajaji ikaondoka. Haina moshi, haina kelele. Bibi akawa anasalimia watu wa njiani kwa majina, nao wanamjibu, na kila mmoja anasikia. Wakafika pale ilipozima. Ikapita. Gervas akasogeza pikipiki yake pembeni wapite. Kona ya mwisho ni kali kuliko zote. Antipasi alishika usukani kwa nguvu. Bajaji ikainama, ikavuta, ikatokea juu.

Watu wa Kilimatinde wakapiga vigelegele. Sara akashuka, akajifuta vumbi.

"Haiendi Itigi," alisema. "Ni yenu. Sasa, ndugu wananchi, ningependa kusema maneno machache..."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameshaketi nyuma, kikapu mapajani.

"Dereva," alisema, "tunashuka, au tunasikiliza hotuba?"