Mgema wa Shamba la Mwisho

Rafiki yangu Alwi si mwongo. Asiyemwamini na aende mwenyewe Kipungani. Kabla ya vita vya Mjerumani, mgeni wa Kizungu alimtaka amchagulie mashamba ya kuzuru, aonje tembo la mnazi. Wagema wa Matondoni waliwafukuza kwa matusi, basi Alwi akachagua shamba la mwisho, huko Kipungani, lenye giza hata mchana. Juu ya mnazi kisu kilikuwa kikichonga, kwa, kwa, kwa.

"Bwana mgema, tuteremshie tembo!" Alwi akaita.

Kibuyu kikashuka kwa kamba. "Kunywa kwanza wewe uliyemleta," sauti ikafoka kutoka juu.

Alwi akapandwa na hasira, akaupapasa mnazi kutafuta vidato ambavyo kila mgema hukata apate kupanda, amfuate huko huko. Shina lilikuwa laini kabisa, bila kidato hata kimoja, na kile kisu kilikuwa kinashuka.